SSD iligoma na ramani za wateja ndani: uzoefu wangu wa kuokoa data hapa Dar

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Ofisi ni chumba kimoja Tabata, na wateja wangu wengi wanajenga taratibu huko Kigamboni, Goba na Chanika. Ramani zilizokwisha nazihamishia kwenye diski ya nje. Zinazoendelea zinakaa kwenye SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sehemu inayozunguka, iliyo ndani ya mashine, kwa sababu AutoCAD, programu ninayochorea, inafunguka haraka humo. SSD hiyo, ya GB 480, ndiyo iliyogoma. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena kabla mashine haijamaliza kuwaka, na uliporudi kompyuta ikawa haioni Windows. Nikaingia kwenye BIOS, ile skrini ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows. Diski ilikuwepo, ila mahali pa jina lake palikuwa na namba ya chipu tu, na ukubwa ulisomeka GB 1.

Dalili hiyo naiweka mbele kwa sababu inaamua kila kinachofuata. Diski ikionekana na ukubwa wake kamili, programu za kawaida za kurudisha mafaili zinaweza kukusaidia. Ikionekana GB 1, au isionekane kabisa, programu hizo hazina cha kusoma. Data bado ipo kwenye chipu za kumbukumbu, lakini kontrola, yaani chipu inayoziongoza, imeshindwa kupakia programu yake ya ndani na imepotelewa na jedwali linaloonyesha kipande gani kiko wapi. SSD haikai na faili lako mahali pamoja. Inalitawanya na kulihamisha kila mara ili chipu zichakae kwa usawa. Jedwali likipotea, unabaki na mamilioni ya vipande visivyo na mwenyewe.

Nilianzia Kariakoo kama watu wengi. Fundi wa kwanza aliichomeka, Windows ikaleta kile kidirisha cha kutaka diski iandaliwe upya, na mkono wake ukawa tayari kwenye OK. Nikamzuia. "Dada, tunaifomati kwanza, halafu tunarudisha vitu vyako," akasema, na alikuwa anaamini anachosema. Wa duka la pili alitaka kuzing'oa chipu kwa hita na kuzipachika kwenye bodi ya diski nyingine ya aina ileile. Kwa flashi za zamani kung'oa chipu kulikuwa na maana. Kwa SSD nyingi za siku hizi, data inavurugwa kwa hesabu na kontrola kabla ya kuandikwa, na mara nyingi inafungwa kwa ufunguo uliomo humohumo kwenye kontrola. Chipu ukizihamisha peke yake zinakupa takataka. Mafundi wa Kariakoo nawaheshimu sana, wamenitengenezea pawasaplai na skrini kwa bei ambayo huipati kwingine. Hii si kazi yao, basi.

Mteja wangu mmoja akanielekeza Posta, kwenye ofisi ndogo ghorofa ya juu ya jengo la zamani, karibu na Mtaa wa Samora. Kilichonipa imani ni kwamba fundi hakuichomeka. Aliiweka mezani akaanza kuuliza. Imewashwa mara nyingi tangu igome? Kuna mtu ameifungua? Kuna kitu ulikifuta unachotaka kirudi? Hilo la kufuta akalifafanua vizuri: ukifuta faili kwenye SSD, Windows inaijulisha diski kwa amri inayoitwa TRIM kwamba nafasi ile haihitajiki tena, na diski inaisafisha yenyewe kwa wakati wake. Kwenye hadidiski za zamani faili lililofutwa hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwenye SSD, mara nyingi limekwenda.

Akauliza pia kama nilikuwa na BitLocker, kufuli la Windows linalofunga data yote ya diski kwa ufunguo. Diski ikiwa imefungwa nayo, hata akiisoma yote hawezi kukupa kitu bila ufunguo wa tarakimu 48. Kompyuta nyingi za Windows 11 zinajifunga zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo unatunzwa kwenye akaunti hiyo. Kama yako iko hivyo, utafute kabla hujapanda daladala. Yangu haikuwa imefungwa.

Masharti yao: uchunguzi elfu thelathini, unalipa upate usipate. Kazi yenyewe laki sita na nusu, unalipa ukishaiona orodha ya mafaili na kufungua machache unayoyachagua wewe. Yasipopatikana, hulipi.

Niliomba nishuhudie mwanzo wa kazi, wakaniruhusu. Alipolifungua ganda, bodi ya ndani haikufika hata nusu ya ganda lenyewe. Akaiweka chini ya darubini, akagusanisha vitobo viwili vidogo kwa kibanio huku akiipa umeme, ili kontrola iwake bila kujaribu kupakia ile programu yake iliyoharibika. Kuanzia hapo kazi ikawa ya PC-3000, mtambo na programu vilivyotengenezwa mahsusi kwa kuokoa data. Unaipa kontrola programu ya muda, unazisoma chipu, kisha unalijenga upya lile jedwali kwenye kompyuta ya fundi. Kwenye diski yenyewe haiandikwi kitu. Baadaye nilioneshwa skrini yenye viboksi, kijani kwa vilivyosomeka na vyekundu kwa vilivyogoma. "Vyekundu si vingi, dada," akasema, "ila siwezi kukuahidi vimeangukia faili gani." Jibu hilo nililipenda kuliko ahadi yoyote.

Mafaili yalirudi na majina yake, kwenye mafolda yake. La kwanza kufungua lilikuwa la mzee mmoja wa Kibada ambaye msingi ulishakwisha na mafundi wake walikuwa wanasubiri vipimo vya juu. Ramani ya sakafu ikafunguka, ya paa ikafunguka, ya mikato ikagoma. Amri ya RECOVER ndani ya AutoCAD iliokoa nusu yake. Nusu nyingine niliitoa kwenye faili la .bak, nakala ambayo AutoCAD huiweka yenyewe unaposevu. Unabadilisha mwisho wa jina kuwa .dwg, linafunguka. Zilizopotea kabisa ni picha kadhaa za viwanja na PDF chache, na hizo nilizipata tena kwa wateja wenyewe.

Sasa kero. Walisema watanipigia, lakini mpigaji nilikuwa mimi. Muda walioutaja ulipita bila maelezo, na mteja akiwa ananiuliza "mwanangu, tumefikia wapi?" unatamani hata ujumbe wa mstari mmoja. Diski ya kupokelea data unanunua mwenyewe, na wanayouza wao ni ghali kuliko maduka ya chini. Nyingine ni hiyo bei. Kwangu ilikuwa halali, ramani mbili tu zinairudisha. Mwanafunzi mwenye tasnifu yake humo ataumia, na nilipouliza kuhusu kulipa kidogokidogo nilijibiwa hakuna.

Kwenye usiri wamenifurahisha. Mafolda yangu yana majina ya watu, namba za viwanja na nakala za hati, na tangu tuwe na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 jambo hili silichukulii kirahisi. Fomu yao iliandikwa namba ya diski yangu, ikaeleza nani ataiona data na lini nakala yao itafutwa, tukasaini wote wawili, na risiti ya EFD nikapewa. Kama fundi wako hana fomu, andikeni karatasi ya kawaida msaini.

Na diski mbovu idai. Wapo wanaoiacha pale kwa sababu imekufa, lakini chipu zake bado zina kila kitu, na mwenye mtambo kama ule anaweza kuzisoma tena. Yangu nilirudi nayo Tabata.