Kaole au Kolo, wikendi utembee wapi?

Wikendi ndefu ikikaribia hapa Dodoma swali ni lilelile, tushuke Bagamoyo kwenye magofu ya Kaole au twende Kondoa kwenye michoro ya Kolo? Kwa gharama Kolo inashinda, ni lami tu ya kwenda Arusha, unatoka alfajiri usiku upo nyumbani, wakati Kaole ni treni ya SGR hadi Dar alafu basi, na kulala juu yako.

Ila kutembea kwenyewe jamani Kaole raha! Kama kilomita 5 tu toka Bagamoyo mjini, tambarare, hata bibi anamudu, kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya zamani alafu mikoko na tope lake (uliza kwanza maji yanakupwa saa ngapi), ukirudi mjini unapita misheni ulikofikishwa mwili wa mmisionari Livingstone 1874, na wasaidizi wake waliubeba kwa miguu toka bara ndani huko, sisi tunalalamikia siti ya treni.

Kolo ni kupanda vilima, magoti yatalia, lakini ile michoro ya miambani, urithi wa dunia tangu 2006, pwani huipati.

Una wazee na hela ya gesti ipo, Kaole. Una siku moja na miguu mizima, Kolo, na ubebe maji ya kutosha.