Mazabodi ya 486 yenye kashe ya plastiki: niliinunua, nikaipima, nimekasirika

"Mzee, hiyo mashine ya mwaka 94 unataka ikimbie iende wapi?" Maneno hayo nimeambiwa mbele ya wateja, na kijana niliyempa laki mbili na nusu taslimu, hata wiki haijaisha. Ndiyo maana naandika.

Nilikuwa natafuta mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, ya pili ya prosesa za zamani za 486, niilinganishe na ile niliyoitunza tangu ujana wangu. Prosesa ni hiyohiyo, DX2 ya megahezi 66, nachomoa huku nachomeka kule. Kadi ya video ileile, RAM ileile. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo hujapima kitu. Duka liko Kariakoo, juu ghorofani, ngazi zenyewe giza. Kijana akaapa kwamba bodi ina kashe ya kilobaiti 256, ile kumbukumbu ndogo ya kasi inayokaa kati ya prosesa na RAM. Akaiwasha, na kweli skrini ikaandika 256. Akaipitisha kwenye Norton, programu ya kupima kasi ya kompyuta, ikatoa zaidi ya 140, yaani inaizidi IBM XT ya zamani mara 140 na ushei. Nikaridhika, nikalipa. Risiti yenyewe niliidai mara mbili.

Nyumbani Norton ikatoa namba ileile kwenye bodi zote mbili. Nikaingiza mchezo wa Doom, demo ya tatu, kipande kilichorekodiwa chenye hatua 2134: unazidisha kwa 35, unagawanya kwa namba inayoandikwa mwishoni. Bodi yangu ya zamani ilitoa 2575, sawa na fremu 29 kwa sekunde. Hii ya Kariakoo, 3395. Fremu 22! Nikarudia mara tano. Nikapuliza vumbi, nikabadili RAM, nikakagua jampa, vile vijichomeko vya mipangilio ya bodi, moja baada ya nyingine, tochi mdomoni. 22.

Usiku nikapima kasi ya kumbukumbu kwa vipande vinavyozidi kukua. Kwenye bodi yenye kashe ya kweli kasi hushuka kwa ngazi tatu: inakwenda mbio hadi kilobaiti 8, ambayo ni kashe ya ndani ya prosesa yenyewe, inapunguza kidogo hadi 256, kisha inaangukia kwenye RAM. Hii ilipovuka 8 tu ikadondoka hadi chini. Ngazi ya katikati haipo. Hapo nikaielewa Norton: jaribio lake ni dogo, lote linaenea ndani ya zile kilobaiti 8, halitoki nje kuigusa kashe ya bodi. Dhrystone, jaribio jingine la kasi alilolitoa Reinhold Weicker mwaka 1984, lina udhaifu huohuo. Ukionyeshwa namba ya namna hiyo dukani, mwambie muuzaji aendeshe Doom mbele yako.

Nikarudi na karatasi yangu ya vipimo. Hakuitazama. Alikuwa anakula chipsi, akaisukuma pembeni kwa kiwiko, akasema maneno yale, akamalizia kwamba niende nikacheze na wajukuu. Sikuwa nimedai hela yangu bado. Nilimwomba asome mstari mmoja tu.

Haki yake nimpe: huenda hakujua. Ulaghai huu ulitoka kiwandani, katikati ya miaka ya 1990, SRAM, zile chipu za kashe, ilipokuwa ghali. Baadhi ya watengenezaji walibandika maganda ya plastiki yaliyopigwa chapa "Write Back", wakaichezea na BIOS, programu ya bodi inayoamka kwanza ukiwasha, iseme uongo. Na bodi yenyewe, kusema kweli, ni imara. Haijagoma hata mara moja, kapasita hazijavimba, nafasi za kadi zinabana vizuri. Kwa laki moja ningeichukua tena leo. Nilikuwa nimeshaandika nyota tatu.

Lakini jana nimeyeyusha risasi ya kulehemu, nikazing'oa zile chipu zote, moja nikaipasua kwa kisu. Ndani hamna kitu. Plastiki tupu, na miguu imechomekwa isishikane na chochote. Nikamkumbuka yule kijana na kiwiko chake, karatasi yangu ikiwa na doa la mafuta ya chipsi, nikafuta nyota mbili.

Kisha nikaiwasha bodi hivyohivyo, matundu wazi, chipu zimelala mezani pembeni ya kisu. Ikahesabu RAM, ikatulia, skrini ikaandika: kashe, 256.