A Democratic South Africa? ya Donald Horowitz, nimeisoma mara mbili

Nilikitoa kwa zile inama za barabara ya Tom Mboya Nairobi, vile vitabu vya mtumba vinavyotandazwa chini, mia tatu tu, muuzaji akaapa kimekamilika kumbe faharasa yote imeng'olewa, lakini sijuti hata kidogo. Horowitz alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani na kitabu kilitoka 1991, Mandela ameshatoka jela na Afrika Kusini bado wanabishana watapiga kura vipi.

Mwanzo ni mgumu sana. Anaeleza polepole kwamba watu wa kule waligombana mpaka kuhusu wanachogombania, huyu anasema shida ni rangi, yule ni tabaka, mwingine ni ukoloni, na kila mtu anataka katiba ya kutibu ule ugonjwa anaouona yeye.

Penye nilishikwa kabisa ni hoja yake ya kura. Anasema usingoje wakubwa wapatane baada ya uchaguzi, weka sheria itakayowafanya watafute kura za wale wengine mapema, yaani mpiga kura anapanga wagombea wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kama hakuna aliyepita nusu yale machaguo ya pili ndiyo yanaamua, so ukitukana jamii nyingine jukwaani unajimaliza. Afrika Kusini hawakuifuata, 1994 walienda na orodha za vyama, na chama chenye viti 20 kati ya 400 kikawa na haki ya kupata mawaziri.

Mimi 2007, ghasia za baada ya uchaguzi wetu wa Kenya zilipoanza, nilikuwa darasa la sita huko Mathare, Nairobi. Deskimeti wangu na familia yao walihama usiku, sijamwona tena mpaka leo, halafu 2008 wakubwa wakagawana nusu mkate, yaani serikali ya muungano, na watu zaidi ya 1,000 wameshazikwa. Kwa hivyo hiyo "mapema" yake imeniuma kweli.

Ila simkubalii yote. Sheria za kusambaza kura, zenye anazisifu kwa mfano wa Nigeria, sisi Kenya tulikuwa nazo, 1992 rais alihitaji asilimia 25 ya kura katika mikoa 5 kati ya 8, na Moi akapita na asilimia 36 tu kwa sababu wapinzani wake kina Matiba, Kibaki na Jaramogi waligawana kura zile zingine, na Bonde la Ufa watu walikuwa wanachomewa nyumba mwaka huohuo.

Nyota nne. Saa hii kiko kwa jirani wa ghorofa ya chini, alikuwa karani wa uchaguzi 2022, na jana saa nne usiku amenigongea mlango kuniuliza hilo chaguo la pili lingehesabiwaje pale kituoni.