Poda ya APM: inapima salfa ya tRNA za mitokondria vizuri, lakini salfa tu

Kama unachotaka kujua ni iwapo kimeng'enya cha MTU1 (jeni lake huitwa TRMU) kimeweka salfa kwenye uridini ya nafasi ya 34 ya tRNA (RNA ndogo inayobeba amino asidi), poda hii ya APM, kiwanja cha zebaki kinachochanganywa kwenye jeli ya kutenganishia RNA, inatosha na spektrometa ya masi unaweza kuiacha ipumzike. Zebaki iliyomo hushika salfa, kwa hiyo tRNA yenye salfa hukawia juu ya jeli na isiyo nayo hushuka kama kawaida. Unapata mistari miwili, na uwiano wake ndio jibu. Nyota nne kati ya tano.

Kwenye maji haiyeyuki vizuri. Tumia formamidi, miligramu 1 kwa mililita, kisha tia mililita 0.5 katika kila mililita 10 za mchanganyiko wa akrilamidi ya asilimia 8 hadi 10 na urea ya mola 7. Mimina na jeli ya pili isiyo na APM kwa sampuli zilezile, la sivyo hutajua mstari wa juu umetokana na salfa au na uchafu.

Wengi huharibikiwa kwenye DTT, ambayo ni tioli, yaani kemikali yenye salfa inayoshika zebaki. Jeli hii ina APM ya milimola 0.13 tu, wakati bafa nyingi za vimeng'enya huja na DTT ya milimola kadhaa. DTT huiwahi zebaki, tRNA zote zinashuka pamoja, nawe unaandika kwamba MTU1 ya mgonjwa imekufa! Itoe RNA kama mashapo kwa ethanoli na uioshe mara mbili kabla ya kupakia. Ajabu ni kwamba jeli ikishamaliza kukimbia, unahitaji tioli tena: iloweke jeli kwenye beta-merkaptoethanoli ya milimola 200, vinginevyo tRNA zenye salfa hazihamii kwenye utando.

Probu (kipande chenye alama kinachotafuta tRNA kwenye utando) nayo iwe ya mitokondria hasa. tRNA za Lys, Glu na Gln (za lisini, glutamati na glutamini) za sitoplazimu pia zina salfa hapo 34, ila huwekwa na vimeng'enya vingine.

Nyota iliyopungua ni ya taurini. Kazi ya MTO1 na GTPBP3, vimeng'enya vinavyoweka taurini kwenye uridini hiyohiyo, haionekani hapa, na tRNA ya Leu(UUR) (ya leusini), ile yenye badiliko la A3243G kwenye MELAS, ugonjwa wa mitokondria, haiwekewi salfa hii ya MTU1. APM haitakuambia lolote juu yake.

Jeli na bafa zilizotumika ni taka za zebaki, zisimwagwe kwenye sinki.