Tathmini: miezi minane ya kujitolea masoko katika kituo cha kuokoa wanyama, Tanga

Kituo ninachokitathmini kiko pembezoni mwa jiji la Tanga, upande wa njia ya Pongwe, ndani ya uwanja wenye miembe miwili, nacho huokoa na kutibu paka, mbwa na mara chache punda. Sikitaji jina, kwa sababu nitazisema na kasoro zake, na kituo chenye watu wanne hakina msemaji wa kujibu. Ninachokipima si matibabu peke yake bali utaratibu wao wa kupokea watu wa kujitolea, kwani mimi sikwenda pale kwa kujua kufunga bendeji. Nilikwenda kwa kujua kuuza. Kwa miaka kumi na miwili nimefanya kazi ya masoko, sehemu kubwa katika saruji na maziwa, na nilidhani mtu aliyeweza kumshawishi fundi ujenzi abadili mfuko wa saruji hawezi kushindwa kumpatia paka nyumba. Dhana hiyo ilidumu wiki tatu.

Mapokezi yao nayapa alama za juu, ingawa siku ile niliyaona kama dharau. Mlezi mkuu, mama wa makamo ambaye kila mtu humwita Shangazi, hakuniuliza cheti wala uzoefu. Alinikabidhi ndoo na fagio, akasema, “Mwanangu, anza na vyumba vya paka. Ukishajua nani ni nani, ndipo utajua cha kuandika.” Nilifagia siku nne. Siku ya tano nilipofungua ukurasa wao wa Instagram nilimwelewa, maana maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza, yenye huzuni ile ile kwa kila mnyama, kana kwamba wasomaji wote wako Ulaya. Aliyeyaandika alikuwa mgeni wa kujitolea aliyekwisha kurudi kwao, akaondoka na nywila. Tuliitafuta zaidi ya mwezi, mwishowe tukafungua ukurasa mpya. Hiyo ndiyo kasoro yao ya kwanza na nzito kuliko zote: hawana daftari la nywila, hawahifadhi picha halisi, na kila anayekuja kujitolea huanza upya kama vile hakutanguliwa na mtu.

Kazi ya kwanza niliyoifurahia ilikuwa ya picha. Zile za zamani zilipigwa mpigaji akiwa amesimama, simu ikielekea chini, wavu ukiwa mbele na mnyama amejikunyata kwenye kona. Nililala kifudifudi sakafuni asubuhi kabla jua halijawa kali, nikawapiga kwa kimo chao wenyewe, na kwa wale paka weusi, ambao simu huwageuza kuwa doa lenye macho mawili, nikatandika khanga ya manjano chini yao ili umbo lionekane. Mmoja, jike wa rangi ya tangawizi mwenye jicho moja, alikuwa ameletwa kutoka soko la samaki la Deep Sea akiwa na kidonda cha ndoana mdomoni. Chini ya picha yake niliandika kwamba ni paka shume, hana mwenyewe, anatafuta nyumba.

Baada ya siku mbili alifika getini mama muuza samaki, amejitanda, ana hasira ya haki kabisa. “Kaka, nani kakwambia huyu hana mwenyewe? Huyu ni wa meza yetu, anakula vichwa vya vibua kwangu tangu mdogo.” Sikuwa na jibu. Paka wa soko ana wenyewe kumi, kila mmoja akimpa kichwa cha samaki na jina lake, na tangazo langu lilikuwa limewaita watu hao wote wazembe. Tuliliondoa, tukamtibu paka hadi akapona, tukamrudisha sokoni mbele ya wauzaji, nikapiga picha hiyo badala yake. Tangu siku ile meza ile hututumia vichwa vya samaki kila Ijumaa, na maneno “paka shume” sijayatumia tena. Wala “mbwa koko”, ambalo ni tusi kabla ya kuwa jina la mnyama. Tunaandika mbwa wa mtaa, na tunautaja mtaa wenyewe.

Kosa langu kubwa lilikuja na tangazo lililofanikiwa kuliko yote. Nilirekodi video fupi ya vitoto vya paka vikinyonyeshwa kwa bomba la sindano, nikaweka maneno mawili matatu ya Kiswahili na namba ya simu ya kituo. Ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kutoka Ngamiani hadi Muheza, na katika ofisi niliyotoka takwimu zile ningezionyesha kwa majigambo. Wiki ile hakujitokeza hata mtu mmoja wa kuchukua paka. Yalikuja maboksi. La kwanza lilikuwa boksi la biskuti lililofungwa kamba ya katani, lina vitoto vinne ambavyo macho yalikuwa bado hayajafunguka, limeachwa getini usiku. Hadi Jumapili tulikuwa tumepokea maboksi matano. Nilichokuwa nimekitangaza, pasipo kujua, ni kwamba ipo nyumba inayopokea.

Shangazi hakunigombeza. Aliniketisha, akanipa kalamu, akaniambia nipige hesabu: paka jike hubeba mimba kwa siku zipatazo 63, anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na mara nyingi hurudi kwenye joto kabla hajamaliza kunyonyesha. Nilipofika uzao wa tatu nikaiweka kalamu chini. Bidhaa ya kituo kile, niliyopaswa kuiuza tangu mwanzo, ilikuwa kufunga kizazi, na ni bidhaa ngumu kuiuza, kwa sababu picha yake ni tumbo lililonyolewa manyoya na mshono. Tulimwita mchora mabango, tukaandika ukutani swali moja kwa herufi nyekundu, “Paka wako amezaa mara ngapi mwaka huu?”, na chini yake namba ya simu. Waliopiga walianza kwa kucheka, kisha wakaulizia bei. Ukuta ule umeleta paka wa kufungwa kizazi kuliko machapisho yangu yote ya mtandaoni yakijumlishwa, jambo ambalo kwa mtu wa fani yangu si rahisi kulikiri.

Kuhusu mbwa nilihitaji kujifunza zaidi, ingawa mimi ni mtoto wa hapa hapa. Wengi wa majirani zetu ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito inayotakiwa kuoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Ukurasa wa zamani ulijaa picha za mbwa wakilamba nyuso za wageni. Picha hizo huenda zilileta fedha kutoka ng'ambo, lakini hapa zilifunga milango ambayo kituo kilikuwa hata hakijabisha hodi. Sikubishana na mtu. Niliweka mbwa ameketi kando ya geti, mbwa kwenye shamba la michungwa, mbwa miguuni pa mlinzi wa usiku mwenye kurunzi. Wachukuaji wetu wa mbwa ndio hao hao, wenye mashamba, wenye maduka na walinzi, na hawatafuti mnyama wa kukumbatia. Ustadhi wa madrasa ya jirani naye alitusaidia bila kuombwa. Aliwasomea wanafunzi wake hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji kwa kiatu chake mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake, na ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Mawe yaliyokuwa yakirushwa juu ya ua wetu saa za kutoka madrasa yalipungua, kisha yakakoma.

Huduma ninayoiona bora kuliko zote ni uhamasishaji wao wa chanjo. Chanjo yenyewe hutolewa na madaktari wa mifugo wa serikali; kituo huwaleta watu. Tulianza kujiandaa mapema kwa tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, tukatumia gari la matangazo, wenyeviti wa mitaa na spika za misikitini. Shangazi alisisitiza mambo mawili yasikosekane katika kila tangazo: kwamba aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kisha aende hospitali siku ile ile, na kwamba ugonjwa hukatika mtaani pale angalau asilimia 70 ya mbwa wanapochanjwa, kwa hiyo kumchanja wako huku wa jirani akiachwa hakutoshi. Nilitaka kuongeza kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili, nikiwalenga hasa wenye punda wa mikokoteni. Alikataa. Mwenye punda aliyetishwa kwa sheria, alisema, hamleti punda wake mwenye kidonda cha mgongo, humficha.

Upande wa fedha walikuwa wakipokea michango kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na mchangiaji anayeona jina la mtu kwenye ujumbe wa muamala ana haki ya kusita. Kupata lipa namba yenye jina la kituo kulichukua muda na safari nyingi za kupeleka nakala za usajili, lakini kulisaidia. Lililosaidia zaidi ni karatasi ya mahesabu ambayo sasa hubandikwa getini na kupigwa picha kila Jumamosi: unga kiasi gani, dagaa kiasi gani, dawa kiasi gani, salio. Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho hakuna semina iliyowahi kunifundisha. Nilikuwa nimezoea kuomba michango mwisho wa mwezi, mishahara inapotoka, ilhali shida ya kituo hufuata mwezi wa angani: usiku wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawatoki, dagaa huadimika, bei hupanda, na sufuria ya mbwa hubaki ugali mtupu. Sasa tunaomba siku tano kabla ya mwezi mpevu, tukieleza sababu, na watu wa pwani hawahitaji maelezo marefu juu ya hilo.

Kasoro zilizobaki nazisema kwa ajili ya anayefikiria kwenda. Simu ya kituo iko mfukoni mwa mtu yule yule anayepika, kwa hiyo tangazo zuri la asubuhi hujibiwa jioni, na wengine huwa wamekwisha kukata tamaa. Hakuna makubaliano ya maandishi. Nauli na bando ni juu yako, na hakuna atakayekuambia lini kazi yako imetosha. Mambo hujadiliwa huku mtu anaosha sufuria, kwa hiyo ukitaka kikao chenye ajenda utasubiri sana. Ninawapa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa ajili ya nywila, ingawa mwezi uliopita nilinunua daftari la kurasa 96, nikaziandika zote kwa kalamu ya wino, na Shangazi amelifungia kwenye kabati la dawa, rafu ya juu, ambako paka mwenye jicho moja, aliyerudi tena na ndoana nyingine, hawezi kufika.