Ruta ya antena sita na kebo ya mita 30: uzoefu wangu hapa Kigoma

Mimi nauza dagaa. Mzigo nauchukua Kibirizi alfajiri, naupeleka kwangu Mwanga, unachambuliwa na kufungwa kwenye banda la uani, jioni nautafutia basi la kwenda Dar. Wateja wa siku hizi hawanunui kwa kusimuliwa. Mtu anapiga simu ya video: "Dada, hebu chota kiganjani nione. Geuza. Hawana mchanga hao?" Mtandao ukikata pale bandani, oda nayo imekata.

Faiba ninayo, kifurushi cha megabiti 20. Ruta ndogo ya kurusha waifai niliyofungiwa ilikaa sebuleni, na sebuleni sikuwahi kulalamika. Jikoni inaanza kusuasua. Bandani ndiyo kabisa, picha inaganda na mteja anabaki anautazama mkono wangu umekwama hewani na dagaa wake.

Kosa la kwanza nilifanya mwenyewe: niliamini antena. Dukani nikaoneshwa ruta ya antena sita, imekaa kama buibui amelala chali. Muuzaji akaniapia, "Mama, hii ukiiwasha hata Kalemie wanakamata." Kalemie ni Kongo, ng'ambo ya ziwa. Nikacheka, nikatoa elfu 90. Kampuni siitaji. Kwa Kalemie sijui, ila bandani kwangu, hatua 30 tu kutoka mlango wa nyuma, hali ilikuwa ileile.

Siku jirani alipoleta fundi wa kamera za ulinzi, nikamwita yule kijana apitie na kwangu. Akaanza kwa kusoma boksi. "Mama, hii inarusha masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, na antena zinazofanya kazi ni mbili. Hizi nyingine umenunua urembo." Halafu akaniambia jambo ambalo muuzaji hakuligusia. Hata ruta ikiwa na sauti ya mnadani, simu lazima iijibu, na sauti ya simu ni ndogo. Ndiyo maana pale bandani alama ya waifai ilikuwa inaonekana kabisa na video bado haisogei: simu inaisikia ruta, ruta haiisikii simu.

Akaweka kwenye simu programu ya kupima nguvu ya waifai, akampa mwanangu azunguke nyumba nzima akitaja namba kwa sauti. Namba zenyewe ni za hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Pembeni ya ruta ilikuwa hasi 42, jikoni hasi 70, bandani hasi 86. Kwa simu ya video isiyo na chenga unatafuta hasi 67 hivi au nzuri kuliko hapo. Hiyo 86 ilinitosha kuelewa.

Ruta yenyewe ilikuwa wapi? Ndani ya kabati, nyuma ya televisheni, juu yake kitambaa cha kufuma alichonipa mama mkwe. Kitambaa hakina hatia. Tatizo ni televisheni, ukuta mnene wa tofali za kuchoma, friza iliyoegemea ukuta huohuo upande wa pili, halafu banda ambalo upande unaotazama nyumba limezibwa kwa mabati. Chuma hakipitishi mawimbi, kinayarudisha yalikotoka. Fundi akaitoa ruta kabatini, akaipandisha juu kwenye korido, antena zikasimama wima. Jikoni ikapanda hadi hasi 59, na sikuwa nimetoa hata shilingi.

Baadaye nikanunua TP-Link Archer C6 kwa laki moja na elfu 35, ndiyo ikawa ruta kuu ya korido. Ina masafa mawili, 2.4 na 5, na matundu yake ya kebo ni ya gigabiti. Sebuleni kwenye masafa ya 5 napata 20 zangu zote, hata watoto wakiwa wanaangalia katuni. Ila ile namba 1200 ya spidi iliyoandikwa kwenye boksi isikutie tamaa. Ni 300 ya masafa ya 2.4 ikajumlishwa na 867 ya masafa ya 5, wakaikamilisha kwenda juu, na ni hesabu ya karatasini. Kifurushi cha 20 kitabaki 20. Tena masafa ya 5 yana mbio lakini kwenye ukuta yanachoka upesi, kwa hiyo ruta hii peke yake isingeniokoa bandani. Anayeinunua kwa ajili ya uani ajue hilo.

Bandani kilichofanya kazi ni kebo ya mtandao kutoka ruta kuu. Nilitaka kile kidude cha kudaka waifai na kuirusha tena, fundi akanikataza: cha bei ndogo kinapokea na kurusha kwa masafa yaleyale, spidi inapungua karibu nusu. Kebo inafika mita 100, mimi nilihitaji 30. Dukani alikwaruza uzi wa ndani kwa kisu. Wa kwanza ulionekana mweupe chini ya rangi, yaani aluminiamu iliyopakwa shaba, akaurudisha. Wa pili ulikuwa shaba mpaka ndani. Tukaulaza ardhini ndani ya paipu ya umeme, maana panya wa huku wanatafuna chochote.

Na mwisho wa kebo kuna nini? Ile buibui! Fundi aliizima kazi ya kugawa anwani za mtandao kwa simu ili isigombane na ruta kuu, akaibadilishia anwani yake yenyewe, akachomeka kebo kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) badala ya WAN (la intaneti inayoingia), akaipa jina na nywila zilezile za ndani. Ruta kuu ipo chaneli 1, hii ipo 11, hazikanyagani. Inaning'inia darini ndani ya ndoo ya plastiki iliyopinduliwa na kutobolewa matundu ipate hewa. Sasa bandani nasoma hasi 48, na spidi inacheza kwenye 18.

Kero zimebaki mbili. Mvua ikianza kunguruma nachomoa kila kitu, kebo na umeme, kwa sababu radi za Kigoma hazina mzaha. Hapo biashara inasimama. Nyingine ni chumba cha watoto, kule mwisho wa nyumba, ambako waifai bado ni ya kubahatisha. Fundi alisema kwa kebo ya mita 12 anamaliza. Nimemwambia hiyo isubiri kwanza, shule zimefunguliwa.