Wiki nane au semina ya siku moja?

Ukitaka kuwaletea wauguzi wa Mtwara mazoezi ya kutuliza akili kwa kufuatilia pumzi, njia mbili ndizo zinazopigiwa debe.

Ya kwanza ni kozi aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn huko Marekani mwaka 1979: wiki 8, kikao cha saa 2 na nusu hivi kila wiki, siku moja ya ukimya, na mazoezi ya nyumbani. Ni ndefu. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku atazipata wapi hizo saa, tena msimu wa korosho? Lakini mwalimu wake hutakiwa awe anayafanya mazoezi hayo mwenyewe, na ubora wote umekaa hapo.

Ya pili, semina: posho, soda, picha ya pamoja. Waajiri huipenda, maana haigusi upungufu wa watumishi.

Ningechagua ya kwanza, vikao vifupishwe ikibidi, ila sharti la mwalimu lisilegezwe. Na watu waambiwe mapema kwamba mizizi yake ni ya Kibudha ingawa darasani hakuna ibada (Mikindani, mji wa Waislamu hapo Mtwara, watauliza tu), na mwenye jeraha zito la moyoni aonane kwanza na mtaalamu.